Agra kwa siku moja: kwa nini bei yetu siyo ya yule dereva wa nje ya hospitali

Juzi nimepokea meseji ya sauti ndefu ya dada mmoja wa Dar, yupo hapa Delhi, India, anamuuguza baba yake, analalamika kwamba sisi tunaopeleka watu Agra tumempiga bei, kwamba wenzake wa gesti wameenda Taj Mahal na dereva wa nje ya hospitali kwa nusu ya pesa aliyolipa kwetu na wamerudi na picha zilezile. Siyo wa kwanza, kila msimu lazima atokee mtu na maneno hayo, na mara nyingi ni mtu aliyeuliza bei baada ya safari na siyo kabla. Kwa hiyo leo naeleza mchanganuo wote, na atakayeona bado ghali basi aende kwingine tu, hatutagombana.

Tuanze na hizo picha. Ni kweli zinafanana, kwa sababu Taj Mahal ni kaburi, na ndani ya kaburi lenyewe hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo aliyeingia na aliyeishia bustanini wote wana picha ya kuba jeupe na yale maji ya mbele, huwezi kuwatofautisha kwenye simu. Tofauti ipo kwenye tiketi. Kwa bei za sasa mgeni kutoka nje analipa rupia 1,100 kuingia getini, halafu kuna rupia 200 nyingine za kupanda mpaka kwenye kaburi, jumla 1,300 kwa kila mtu mzima, watoto chini ya miaka 15 bure. Vishoka wengi wanakata ile ya 1,100 peke yake wanakwambia tiketi tayari, ukifika kwenye ngazi unarudishwa, na wewe kwa kuwa hujui unadhani ndo mwisho wa safari umefika. Wenye roho ngumu zaidi wanakukatia ya Mhindi, ambayo kuingia ni rupia 50, eti mlinzi hataangalia. Ataangalia! Familia moja ya Mwanza ilizuiwa geti la mashariki hivyo hivyo na mama mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu, dereva hawamuoni kwa sababu magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea karibu, yanabaki parking ya mbali halafu mnapanda vigari vya umeme. Wakakata tiketi upya watu wazima wote, wakanipigia simu mimi niwatafutie mtu wa kuwatembeza, na ukijumlisha walichotumia siku ile kilizidi bei yangu ambayo walikuwa wameikataa jana yake.

Na huko ndani ndiko kwenye mambo yenyewe. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14, mumewe, mfalme Shah Jahan, akaanza ujenzi mwaka uliofuata, marumaru imetoka Makrana kule Rajasthan, na maua unayoyaona ukutani hayakuchorwa, ni vipande vya mawe ya rangi vimechongwa na kupachikwa kimoja kimoja. Kaburi la Mumtaz liko katikati kabisa, la Shah Jahan limewekwa pembeni yake, na ndiyo kitu pekee pale kilichovunja ule mpangilio wa kulia na kushoto kulingana, halafu hayo unayoyaona ni alama tu, wenyewe wamelala chumba cha chini. Haya mtu wetu anakueleza kwa Kiswahili, taratibu, siyo kwa kukukimbiza. Tulikuwa na mzee mmoja wa Zanzibar akasimama kwenye lango kubwa akaanza kusoma maandishi, ni Suratul Fajr yote imezungushwa pale, akaisoma mpaka mwisho machozi yanamtoka na sisi tumesimama tunamsubiri, hakuna aliyeangalia saa. Yule dereva wa bei nusu hawezi kukusubiri hivyo hata akitaka, maana kuna watu wanamsubiri yeye dukani.

Maana pesa yake iko kwenye maduka, siyo kwenye nauli. Anakupeleka duka la marumaru, la mazulia, la vitamu vya petha, kila duka linampa kamisheni, na saa zinazoliwa ni zako. Mama mmoja aliuziwa sahani ya "marumaru ya Taj" kwa dola, kufika gesti akaikwaruza kidogo na ufunguo ikachubuka, lile ni jiwe laini la sabuni. Sisi hatupiti dukani mpaka mteja aombe, kwa hiyo nauli yetu inabidi ijilipe yenyewe: mafuta, tozo ya Yamuna Expressway kwenda na kurudi, kodi ya gari la Delhi kuingia Uttar Pradesh, jimbo iliko Agra, posho ya dereva. Angalia na namba ya gari, la biashara lina kibao cha njano. Ukiona cheupe hilo ni gari la mtu binafsi, likikamatwa njiani utajua mwenyewe utafikaje, na wapo waliokaa kituo cha polisi mpaka jioni na Taj hawakuiona.

Halafu Ijumaa. Taj Mahal IJUMAA INAFUNGWA, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwezi kuna mtu anabishana na mimi. Treni ya Gatimaan, ile inayofika Agra kwa dakika 100 hivi, nayo Ijumaa haitembei. Kuna ndugu zangu Waislamu wanasema tutaingia kama waumini wa swala ya Ijumaa, hapana, ruhusa hiyo ni ya wakazi wa Agra tu, Mahakama ya Juu kabisa ya India ilishalikata jambo hilo 2018. Vijana wa Kariakoo walitaka niwapeleke Ijumaa kwa sababu Jumamosi wanapanda ndege, nikawarudishia pesa yao, wakampata mtu akawapeleka bustani ya Mehtab Bagh, wakaitazama Taj kutoka ng'ambo ya mto na wamelipa bei ya siku nzima.

Wengine wanaomba tuondoe Agra Fort, ile ngome ya zamani, ili bei ishuke. Naweza kuiondoa lakini sipendi, na nitakwambia kwa nini sipendi. Mfalme Akbar, babu yake Shah Jahan, aliijenga kuanzia 1565 kwa mawe mekundu, na humo ndimo Aurangzeb alimfungia Shah Jahan baba yake mzazi kuanzia 1658 mpaka anakufa 1666, akiiangalia Taj kwa mbali. Ukisimama kwenye ule mnara wake ukaitazama kule chini mtoni ndo unaelewa ulichokiona asubuhi.

Kuhusu wagonjwa, hatumchukui mtu aliyetoka kufanyiwa operesheni bila daktari wake kukubali, hata familia ikasirike, na wa mgongo tunawashauri treni kwa sababu kwa gari ni masaa matatu mpaka manne kila upande. Desemba na Januari ukungu ni mzito barabarani, hatuondoki alfajiri giza hata kama mnataka kuona jua likichomoza, tunasubiri njia ionekane. Hotpoti za pilau acheni kwenye gari, chakula hakiingii getini, na tiketi ni ya masaa matatu, kwa hiyo kuleni vizuri kabla au baada.

Ukitaka kwenda, tutumie picha ya pasipoti ya kila mtu siku mbili kabla ili tiketi ikatwe kwa jina, na pasipoti yenyewe uje nayo siku ya safari. Jumamosi na Jumapili foleni inakuwa ndefu sana, mwenye mgonjwa achague Jumanne au Jumatano.