Si kila utando mweupe mizizini ni ugonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa kilimo, uliowataka wenye vitalu vya misonobari kung'oa na kuchoma kila mche unaoonekana kuwa na utando mweupe mizizini. Nia yake ilikuwa njema, lakini atakayeufuata huenda akateketeza miche yake iliyo bora.

Misonobari na jamaa zake huishi kwa ubia na kuvu ambazo huzivika ncha za mizizi gamba laini, ambalo huenda likaonekana kama utando mweupe, kisha hupenyeza nyuzi zake kati ya seli za nje bila kuziingia, zikiuletea mche maji na fosforasi na zenyewe zikipata sukari. Mtaalamu wa Kijerumani A. B. Frank aliuita ubia huo mikoriza mwaka 1885. Ncha iliyovikwa hivyo huwa nene, haina vinyweleo, na katika misonobari mara nyingi hugawanyika panda. Kuvu iitwayo Cenococcum huifanya nyeusi tii, ilhali Thelephora terrestris, mwenyeji wa kawaida wa vitalu, huipa rangi ya kahawia. Mzizi unaooza ni jambo jingine kabisa: ukiuvuta kwa vidole, ganda lake huvuka ukabaki uzi wa katikati.

Rangi peke yake, hata hivyo, hudanganya, kwa kuwa hubadilika kadiri ncha inavyozeeka. Ndiyo maana mizizi huoshwa taratibu na kutazamwa kwa hadubini, na shaka ikibaki, sampuli hupelekwa maabara ili kisomwe kipande cha vinasaba kiitwacho ITS. Nacho kina mipaka yake: hakitoshi kutenganisha kuvu mbili, Fusarium oxysporum na Fusarium commune, na hiyo oxysporum yenyewe ina aina zinazoua miche na nyingine zisizoidhuru hata kidogo. Kuikuta mzizini, basi, si ushahidi kwamba ndiyo iliyoua.

Wapo watakaosema ni afadhali kupuliza dawa kuliko kusubiri majibu. Lakini Pythium, kiumbe kinachoua sana miche michanga, si kuvu halisi, na baadhi ya dawa za kuvu haziigusi. Anayepuliza bila kujua anachokipuliza anaweza kuua wabia wa mche na kumwacha adui akistawi.

Naomba ukurasa huo uchapishe marekebisho, hasa ya ile sentensi inayohimiza kuchoma.

Msomaji wenu