Muhuri uende Letongkhu: barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Umphang

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: USAJILI WA WATU WA VIJIJI VYA MBALI

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda haijawahi kufika mezani kwako. Atakayekutafsiria namwombea subira.

Wageni wakirudi kutoka Umphang, wilaya yako hiyo ya magharibi mwa Thailand, husifu maporomoko ya Thi Lo Su, kisha hulalamikia barabara namba 1090: kilomita 164 kutoka mji wa Mae Sot, kona 1,219. Nami nilizipita nikiwa nyuma ya songthaew, pikapu ya abiria, mfuko wa plastiki mkononi kwa tahadhari. (Ulinifaa.) Lakini mgeni akifika mjini kwako safari yake imekwisha. Mtu wa Letongkhu, katika kata ya Mae Chan karibu na mpaka wa Myanmar, hata lami hajaiona.

Wilaya yako ina kilomita za mraba zipatazo 4,325, kubwa kuliko zote Thailand, kata sita tu, na sehemu kubwa ni msitu wa hifadhi. Siombi barabara. Ile ya 1117 iliyokusudiwa kuunganisha Umphang na Khlong Lan iliishia Chong Yen, ndani ya msitu, na kwa ajili ya msitu ule naona heri ibaki hapo.

Ninaloomba ni dogo. Mama wa Kikaren, jamii ya vijiji hivyo vya mpakani, akijifungulia nyumbani, kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 15. Phu yai ban, mwenyekiti wa kijiji, huandika taarifa, lakini cheti chenyewe hutoka kwa msajili. Tangu 2008 sheria inataka kila mtoto aliyezaliwa Thailand asajiliwe, awe wa wazazi wenye uraia au wasio nao. Masika yakianza, njia inakuwa tope, karatasi inakaa juu ya kabati, na mtoto anakua bila cheti.

Oktoba 2024 Baraza la Mawaziri liliamua kuharakisha utoaji wa hadhi ya kisheria kwa watu zaidi ya 480,000 wasio na uraia, na utekelezaji ukaanza Juni 2025. Kibali cha ukaazi wa kudumu kilichokuwa kikichukua siku 270 kikashushwa hadi siku tano. Hongera. Ila siku tano za mezani hazina siku za njiani ndani yake.

Basi kiangazi, kuanzia Novemba, mtume msajili na kamera, mashine ya alama za vidole na mkalimani wa Kikaren, alale kijijini siku tatu au nne. Ziara ya asubuhi na kurudi jioni haitoshi, kwa maana wengine watakuwa mashambani. Amtumie phu yai ban. Wewe umeletwa na Wizara ya Mambo ya Ndani na kesho utahamishwa. Yeye amechaguliwa na wanakijiji, atakaa hadi atimize umri wa miaka 60, na anajua nani kazaliwa nyumba ipi.

Inasimuliwa kwamba jina Umphang limetoka kwenye neno la Kikaren, umpha: pingili ya mwanzi ambamo wasafiri waliovuka kutoka Burma walitia hati zao zisilowe, wakazifungua hapo kwako zigongwe muhuri. Zamani karatasi ziliufuata muhuri; sasa muhuri uzifuate karatasi.

Tarehe za ziara zibandikwe mapema kwa makamnan, yaani wakuu wa kata, wote sita, kwa Kithai na kwa Kikaren. Naanza na Mae Chan, kama utaniruhusu kuchagua.

Wako,
Abiria wa songthaew