Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na wanachama wapya katibu atawatambulisha. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililochukua nguvu zetu nyingi mwaka huu: ukubwa wa sauti tunayorusha hewani.

Malalamiko tunayajua. Taarifa ya habari inasikika vizuri, yakiingia matangazo ya biashara nyumba nzima inashtuka, watu wanatafuta rimoti. Fundi akiulizwa anajibu kwamba mita haikuvuka kiwango, na anasema kweli. Mita ya vilele huonyesha sauti imefika wapi kwa kitambo kidogo tu. Tangazo lililobanwa kwa kompresa na limita, yaani vifaa vinavyopunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, lina kilele kilekile cha msomaji wa habari, ila halipumui. Kila neno na kila ala vimepandishwa hadi juu, na sikio linavihesabu vyote.

Dawa ipo tangu 2006, ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ulipotoa pendekezo BS.1770 la kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Kipimo hiki hupunguza uzito wa besi za chini, huongeza kidogo masafa ya juu, kisha hukokotoa wastani wa nguvu ya sauti kwa vipande vya milisekunde 400. Toleo la 2011 liliongeza kitu ambacho kwangu ndicho kilichokikamilisha: vipande vya kimya, na vilivyo chini sana ya wastani, haviingii kwenye hesabu. Bila hivyo, tamthilia yenye ukimya mrefu ingesomeka ndogo, fundi akaipandisha mpaka mazungumzo yakawa makelele.

Mwaka 2010 EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, uliweka lengo la -23 LUFS katika waraka wake R 128. LUFS ni kizio cha wastani huo wa ukubwa wa sauti; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi. Marekani wanatumia -24, na tangu Desemba 2012 sheria yao inabana matangazo ya televisheni. Kamati inapendekeza tufuate -23, vilele visizidi -1 dBTP, kizio cha kilele halisi cha sauti.

Baadhi yenu mlisema msikilizaji wa kwenye daladala anahitaji sauti nene zaidi. Hoja hiyo tuliijadili kwa uzito. Lakini redio ya FM tayari ina prosesa yake, kifaa kinachobana sauti, kabla ya mtambo wa kurushia. Ukiilisha sauti iliyokwisha kubanwa, inatoa mikwaruzo. Na mtangazaji wa mpira msimzuie kupiga kelele goli likiingia! Kinachopimwa ni wastani wa kipindi kizima, na kwa matangazo ya moja kwa moja R 128 inavumilia tofauti ya LU 1 (hatua moja ya kipimo cha LUFS) juu au chini.

Redio za jamii zisiogope gharama. Programu ya ffmpeg hailipiwi, na ina kichujio cha ebur128 kinachopima faili zima.

Azimio lililo mbele yenu linataka tangazo lisilotimiza kipimo hicho lirudishwe kwa aliyelitengeneza kabla ya kuingia kwenye ratiba. Naomba tulipigie kura kabla ya uchaguzi, ili wajumbe wapya wa kamati wajue kazi wanayokabidhiwa.