Mlituingiza Mapangoni Bila Hodi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA MAPANGO YA LAVA, KISIWA CHA RAPA NUI, CHILE

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nilikuwa miongoni mwa wasafiri mliowapeleka Rapa Nui, kisiwa ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la Kisiwa cha Pasaka. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wawili walioniomba niwasemee. Fedha tunazidai na nitazitaja, lakini kilichonikaa rohoni kuliko fedha ni namna mlivyotuuzia mapango ya watu kana kwamba hayana wenyewe.

Kipeperushi chenu kilisema tutaingia mapango ya Ana Te Pahu na Ana Kakenga tukiwa na mwongoza watalii mwenyeji wa kisiwa, tiketi za hifadhi zikiwa zimeshalipiwa, na kila mtu atapewa kofia ngumu na taa ya kichwani. Kwa ahadi hiyo nilidunduliza fedha muda mrefu. Rapa Nui si mahali ambapo mambo yakiharibika leo utarudi wiki ijayo. Kisiwa kiko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, na ndege kutoka Santiago inakata zaidi ya saa tano juu ya bahari tupu.

Usumbufu ulianzia hapo hapo Santiago. Tangu 2018 sheria ya Chile inamtaka mgeni anayekwenda kisiwani ajaze fomu maalumu, aoneshe tiketi ya kurudi, na awe na malazi yaliyosajiliwa au mwaliko wa mwenyeji, na haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 30. Hakuna aliyetuambia. Tulijaza fomu kwenye simu huku foleni ikisogea, na wazee wawili wasiozoea mambo ya mtandaoni nusura waachwe. Tulipanda ndege wote, kwa hiyo hilo silikuzi.

Kubwa lilitukuta Ana Te Pahu. Walinzi wa hifadhi walituomba tiketi, kiongozi wa msafara mliyemtuma hakuwa nazo. Walimuuliza mwongoza watalii wetu ni nani, akajionesha yeye mwenyewe, mtu aliyefika kisiwani kwa ndege ile ile tuliyopanda sisi. Wakatuzuia, kwa adabu kabisa, na walikuwa na haki. Hifadhi ya Taifa ya Rapa Nui inasimamiwa na jumuiya ya wenyeji, Ma'u Henua, tangu 2017, na kisiwa kilipofunguliwa tena Agosti 2022 baada ya janga la korona, iliwekwa kanuni kwamba maeneo mengi ya hifadhi huingii bila mwongozaji mwenyeji aliyeidhinishwa. Kanuni hii haikufichwa. Tiketi zinauzwa mtandaoni na pale mjini Hanga Roa, na hudumu siku kumi. Kampuni inayouza safari ya kwenda huko haina namna ya kusema haikujua.

Kiongozi wenu angeweza kuturudisha mjini, akanunua tiketi, akatafuta mwongozaji, tukaenda kesho yake. Muda ulikuwepo. Badala yake alituambia ziko njia nyingine, na jua lilipoanza kuzama akatupeleka kwenye pango lisilo na kibao wala njia, katikati ya mawe ya lava yenye makali. Hapakuwa na kofia wala taa za kichwani. Tulimulika kwa simu.

Nieleze ndani kukoje, maana naamini aliyeandika kipeperushi chenu hajawahi kufika. Mapango yale ni mahandaki yaliyoachwa na lava. Uji wa moto ulipokuwa ukiteremka kutoka volkeno kama Terevaka, uso wake ulipoa na kuganda kwanza, lakini chini ya gamba hilo lava iliendelea kutiririka. Chanzo kilipokauka, iliyobaki ndani ikachuruzika yote na kuacha bomba tupu la mawe. Dari la bomba hilo ni lile gamba la kale, na mahali pengi limebomoka. Sakafu imejaa mawe yaliyoanguka, mengine yanacheza ukiyakanyaga, na maji hudondoka kutoka juu. Mahali pa namna hiyo mnawapeleka wazee gizani, na taa yao ni simu yenye chaji nusu? Mama mmoja katika kundi letu aliteleza, akaangukia mkono. Kiwiko kilivimba usiku ule ule, na gharama za matibabu Hanga Roa alilipa mwenyewe. Kiongozi wenu alimwambia bima itashughulikia. Mpaka leo hakuna bima iliyomtafuta.

Kabla hatujatoka, mmoja wetu alimulika kona akaona mifupa. Mifupa ya binadamu. Nilitarajia kiongozi wa msafara aseme turudi nyuma sote. Yeye aliinama, akausogeza mfupa mmoja ukae vizuri kwenye mwanga, akapiga picha. Picha hiyo iko kwenye ukurasa wenu wa matangazo hadi ninapoandika barua hii, chini yake mmeandika kuhusu mapango ya siri ambayo mguu wa mtu haujafika.

Ndugu Meneja, haujafika vipi, na mifupa ile ni ya nani?

Watu wameishi na mapango yale kwa karne nyingi. Kisiwa hakina mto wa kudumu na upepo wa bahari haukomi, kwa hiyo pale dari lilipobomoka, wazee wa Kirapanui walipanda migomba na magimbi ndani ya shimo, ambamo unyevu haupotei na upepo haufiki. Migomba ya Ana Te Pahu imesimama hadi leo. Ndani walilala, walipika, na vita vilipozuka walijificha. Desemba 1862 zilikuja meli kutoka Peru kukamata watumwa. Watu wapatao 1,500 walichukuliwa, na wachache waliorudishwa walileta ndui. Kufikia 1877 Warapanui waliobaki kisiwani walikuwa 111 tu. Baadaye kisiwa karibu chote kikafanywa shamba la kondoo, wenyewe wakabanwa Hanga Roa ndani ya uzio, na uraia kamili wa Chile hawakuupata hadi 1966. Sisi tunaotoka pwani ya Zanzibar na Bagamoyo hatuhitaji kufundishwa maana ya meli zinazokuja kuchukua watu. Watu wa historia kama hiyo, leo wanaposimama mlangoni mwa pango la babu zao na kusema mtaingia pamoja nasi, kampuni ya kutoka kwetu inazunguka nyuma usiku!

Mama mwenye nyumba tuliyofikia aliona matope kwenye viatu vyetu akauliza tulikotoka. Tulipomweleza kuhusu mifupa alinyamaza, kisha akatuuliza kama tuliigusa. Hakupandisha sauti. Asubuhi alimpigia simu ndugu yake, mwongozaji aliyeidhinishwa, naye akatupeleka mjini kukata tiketi na kutupitisha mlango wa mbele Ana Te Pahu, na tukamlipa kutoka mifukoni mwetu. Yeye alikuja na kofia na taa. Alitueleza palipokuwa jiko, palipolalwa, na wapi tusiweke mguu kwa sababu kuna viumbe wadogo wanaoishi kwenye mimea ya mapangoni ambao hawapatikani kwingine duniani. Ziara hiyo ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kukiona safarini, na nyie hamkuchangia hata senti. Ana Kakenga, lile pango lenye madirisha mawili yanayotazama bahari kutoka kwenye jabali, hatukuliona kabisa. Siku zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Mturudishie fedha za ziara ya mapango kama zilivyoandikwa kwenye mchanganuo wenu wa bei, pamoja na tiketi za hifadhi na malipo ya mwongozaji tuliyobeba sisi. Mumlipe mama aliyeumia gharama zake za matibabu, na mmwombe radhi yeye mwenyewe kwa simu, si kwa ujumbe wa kundi la WhatsApp. Picha ya mifupa iondolewe leo, pamoja na maneno yake. Tena muiandikie Ma'u Henua, muwaeleze pango lilipo na kilichofanyika ndani yake, ili wenyewe wajue la kufanya na mabaki ya watu wao. Hili la mwisho halitupatii sisi chochote, lakini katika yote ndilo ninalolitaka zaidi.

Mkiendelea kuuza safari hiyo, na sina nia ya kuizuia, mkataba na mwongozaji mwenyeji uwe umeshasainiwa kabla hamjapokea malipo ya awali ya mteja yeyote.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Msipojibu, tutapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, yakiwa na kipeperushi chenu kama kilivyochapishwa.

Nimeambatanisha nakala ya mkataba, risiti za malipo, risiti za hospitali, tiketi za hifadhi tulizonunua wenyewe, na nakala ya tangazo lenu lenye picha hiyo.

Wenu,
Mteja, kwa niaba yangu na ya wasafiri wenzangu wawili