Mwanangu, kabla hujakodi skuta

Mwanangu mpendwa,

Kiti cha magurudumu au skuta ya umeme, ile ya kukalia ya wasioweza kutembea sana? Wengi huamua kwa kuangalia miguu ya anayekwenda. Miguu yako tunaijua: hatua chache unazimudu, siku nzima hapana, na bustani kubwa ya burudani humtembeza mtu kilomita 10 kabla ya jioni. Wewe anza na mikono ya atakayekusukuma.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 65 juu ya kiti cha kilo 15, jumla kilo 80. Njia za kupandishia magurudumu kwa kawaida hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12: kupanda mita 1 kunatandazwa kwenye mita 12 za njia. Hapo dada yako atakuwa anasukuma uzito wa karibu kilo 7 bila kupumzika, bado ugumu wa tairi, bado jua. Asubuhi ataweza. Saa tisa alasiri atakuwa hoi, nawe utaona haya kumwambia unataka kurudi kule mlikotoka. Kwa kuwa mnakwenda wawili tu, chukua skuta. Mngekuwa wanne wa kupokezana, ningesema kiti.

Ningesema hivyo kwa sababu ya foleni. Kiti hugeuka papo hapo. Skuta ni ndefu, inahitaji nafasi ya kuzungukia. Foleni za michezo ya kupanda ya zamani zimebanwa na vyuma, zinajikunja mara nyingi, na hapo skuta hunasa. Mara nyingi utaambiwa uiache mlangoni mwa mchezo uhamie kiti cha kusukumwa. Hata mashua na vigari vinavyopokea kiti pamoja na mwenyewe, vingi havipokei skuta. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kwa kila mchezo unaoutaka: foleni naingia na nini? Nitalazimika kuhama kiti? Na mchezo ukikwama katikati, nashukaje? Hilo la mwisho usiliache, maana wakati mwingine njia ya kutokea ni ngazi.

Skuta za bustanini huisha mapema asubuhi, na kwa kawaida hazitolewi nje ya geti. Kama maegesho yako mbali, kodi kwa watu wa nje wanaoleta mpaka unapolala. Umri hautakukwamisha: wengi hukataa aliye chini ya miaka 18, wewe umeshapita.

Chagua ya magurudumu manne. Ya matatu hukata kona vizuri, lakini hupinduka upesi ukigeuka kwa kasi au ukiupita mteremko kwa ubavu. Kwenye usukani kuna kitufe cha mviringo cha kasi. Nyingi zimechorwa kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Penye watu weka kwa kobe. Wanaotembea hawamwoni aliye chini ya usawa wa macho yao, hukatiza mbele yake, na watoto husimama ghafla.

Ukiachia wenzo wa mwendo, breki hushika yenyewe. Ila nyuma, karibu na mota, kuna wenzo mwingine wa kuiachia breki hiyo ili skuta isukumwe kwa mkono. Ukisahaulika wazi, skuta itaserereka kwenye mteremko. Uangalie kila unapotaka kukaa. Na kabla ya kushuka, zima ufunguo kwanza: mkanda wa mkoba ukinasa wenzo wa mwendo, skuta huruka mbele nawe mguu mmoja uko chini.

Umbali ulioandikwa kwenye tangazo ni wa mtu mwepesi, njia tambarare, betri mpya. Wewe hesabu nusu, na uchaji usiku kucha. Mkipanda ndege na skuta yenye betri ya lithiamu ya kutoa, kikomo cha kawaida kwa betri moja ni wati-saa 300. Zidisha volti kwa ampea-saa: 24 mara 11.5 ni 276, inapita. Hata hivyo liarifu shirika la ndege mapema.

Kiti utakachopewa kwenye foleni nacho kikague. Breki zake hukaba tairi lenyewe, kwa hiyo tairi likipungua upepo, breki haishiki hata uivute mpaka mwisho. Libonye kwa kidole gumba. Unapohama, funga breki zote mbili na ukunje vikanyagio. Ukisimama juu ya kikanyagio, kiti hukuangukia. Mteremko mkali dada yako akushushe kinyumenyume. Reli na wavu wa mfereji mvuke moja kwa moja, si kwa mshazari, kwani magurudumu madogo ya mbele hutumbukia humo.

Watakuuliza upana wa kiti. Pima nyonga ukiwa umekaa, uongeze sentimita 3 hivi, kisha nitumie hicho kipimo pamoja na orodha ya michezo.

Mama yako