Ethanoli tuianze na mabua ya pamba, si magugu maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wazo linalorudi kila magugu maji yanapoziba mialo yetu ya Ziwa Victoria: yavunwe, yatengenezwe ethanoli, yaani pombe ya kutumia kama nishati.

Kwenye chupa ya lita moja wazo hilo linapendeza. Gugu maji lina kidogo lignini, ile gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za mmea, hivyo likichemshwa saa moja kwenye maji yenye kostiki soda asilimia 1 au 2, nyuzi hulegea, vimeng'enya (protini zinazovunjavunja chakula au mimea) vikaifikia selulosi, kiini cha nyuzi hizo, na ikatoka sukari ya kuchachusha iwe ethanoli. Shida huanza kwenye tangi la lita 1,000. Likiwa na umbo lilelile, mzigo umeongezeka mara 1,000 lakini kuta zinazopitisha joto zimeongezeka mara 100 tu. Pembeni panaungua, katikati ni vuguvugu. Kukoroga nako kuna kikomo: malighafi kavu ikikaribia asilimia 20 ya mzigo, maji yote yameshanyonywa, na nyasi zilizolowa zinajiviringisha kwenye mapanga ya kikorogeo. Ndiyo maana viwanda huingiza mvuke ndani ya mzigo wenyewe na kuusukuma kwa parafujo kubwa inayozunguka. Mchanga usipooshwa kwanza, parafujo hulika upesi.

Wapo wanaokimbilia kuongeza maji. Tupige hesabu. Tani 1 ya malighafi kavu, ikiwa asilimia 10 ya mzigo, inahitaji tani 9 za maji. Kuyatoa nyuzijoto 25 hadi 100 kunataka megajuli 2,800 hivi, sawa na kilo 190 za kuni kavu hata kama hakuna joto linalopotea. Kwa asilimia 20, maji ni tani 4 tu.

Sasa gugu maji bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tani nzima iliyovutwa ufukweni haifikishi kilo 100 kavu. Kwa maoni yangu liende kwenye mitambo ya bayogesi, ambako maji hayo yanahitajika. Ethanoli ijaribiwe kwa mabua ya pamba ya Kwimba na Magu, ambayo hung'olewa na kuchomwa kila msimu kuzuia wadudu. Ni magumu, lignini yake ni nyingi, kwa hiyo yakatwe vipande vidogo na yachemshwe kwa shinikizo. Lakini yanafika yakiwa makavu.

Vikundi vinavyotaka kujaribu visitumie sufuria za alumini: kostiki huzila na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Tumieni chuma cha pua. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji kidogokidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Kabla ya kutia vimeng'enya, osheni nyuzi, shusheni pH (kipimo cha ukali wa asidi au kostiki) hadi karibu 5 na joto hadi nyuzijoto 50, la sivyo vimeng'enya vitakufa na gharama yake.

Lililobaki ndilo linalonitia hofu zaidi. Maji meusi yanayotoka hapo yamejaa lignini na kostiki, na yakiingia ziwani yataua samaki. Chokaa ni mbadala wa kostiki wa bei nafuu ingawa hufanya kazi polepole, na mabaki yake ni rahisi kuyatenganisha. Halmashauri zetu zisitoe kibali kwa mradi wowote wa aina hii kabla mwombaji hajaonyesha kwenye mchoro maji hayo yataishia wapi.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza