Mwanangu, Usimfunge Mtoto Ile Kamba

Katonga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, mguu wake unaendelea vizuri. Simu yako ya Jumapili usiku sikuijibu kama nilivyotaka, maana nilisikia watu nyuma yako, na wewe ulikuwa unameza kilio. Nimeona bora niandike, usome mtoto akiwa amelala.

Umesema mama mkwe wako ameleta kamba nyeusi yenye hirizi, mtoto afungwe kiunoni kabla ya arobaini. Na wifi zako wameshatamka kwamba ukikataa, mtoto akiugua hawatamtafuta mchawi mbali. Najua neno hilo linavyochoma. Nililiambiwa mimi, karibu vilevile, kabla wewe hujazaliwa.

Unajua kwamba ulikuwa na kaka, na kwamba alikufa kwa malaria. Yaliyozunguka kifo chake sijawahi kukueleza. Bibi yako mzaa baba alimfunga hirizi akiwa na wiki tatu. Nilinyamaza, nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile. Siku ya ubatizo padre akatuuliza kama tunamkataa Shetani na mambo yake yote. Nikajibu, "Namkataa," huku kidole changu kimegusa ule uzi chini ya gauni jeupe la mtoto. Niliona aibu mbele za Mungu ambayo hadi leo naikumbuka mwilini. Jioni ile nikaukata kwa kisu cha samaki, nikautia motoni.

Baada ya miezi miwili, masika yamekolea, mtoto akashikwa na degedege. Tukamkimbiza hospitali usiku. Alfajiri akafa.

Msibani walisema mama yake ndiye kamuua. Wengine walisema nikiwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Muda mrefu baada ya hapo, kukiwa na shughuli kwenye ukoo, sikuitwa kupika na wanawake wenzangu. Usiku nililala nimeshika gauni lile la ubatizo, nikimuuliza Mungu kwa nini hakunitetea, wakati mimi nilikuwa nimemtetea Yeye. Walionishika mkono ni akina mama wa jumuiya yetu, pamoja na jirani yetu Mwislamu, aliyekuja na uji kila asubuhi bila kuniuliza chochote. Mungu amlipe.

Nakuambia haya kwa sababu sitaki mtu akudanganye kwamba ukikataa hirizi mtoto hataugua. Anaweza kuugua. Katika kitabu cha Danieli, wale vijana watatu walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "bali kama si hivyo", hata hivyo hawataisujudia sanamu yake. Maneno hayo manne ndiyo yaliyoniinua kutoka kwenye ule mkeka. Mwanangu, imani isiyo na "kama si hivyo" ndani yake ni hirizi vilevile, imebadilishwa kamba tu.

Kwa hiyo usimvike mtoto rozari shingoni ili ichukue nafasi ya ile kamba. Rozari ni ya kusali. Wala usinunue zile chupa za mafuta wanazouza wahubiri kwa ahadi kwamba mchawi hatapita mlangoni. Hilo linaniuma kuliko hata la waganga, kwa sababu linafanyika kwa jina la Bwana.

Adui yupo, sikukatalii. Mtume Petro anamwita mshitaki, simba angurumaye, azungukaye akitafuta mtu ammeze, na anatuambia tumpinge tukiwa thabiti katika imani. Nimewaza sana juu ya kule kunguruma. Anataka uogope kwanza, kwa sababu mtu mwenye hofu hufunga chochote anachopewa. Na hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomshika mama mkwe wako. Siku ya send-ofu yako alinivuta pembeni akaniambia amezika watoto wawili wachanga. Kamba ile si uadui kwako, ni woga wa mama aliyeumia. Usimchukie.

Angalia Waefeso. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, waliokuwa wakifanya uganga kule Efeso walichoma vitabu vyao hadharani, thamani yake ikahesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Watu hao walizijua hizo nguvu kwa majina. Na ni kwao Paulo aliandika kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Mama mkwe wako ni damu na nyama.

Anza na mumeo. Mkiwa wawili, yeye ndiye aseme mbele ya mama yake, si wewe. Ukiitwa, mpigie magoti kama kawaida, umshukuru kwa kumpenda mjukuu wake, umweleze kwamba mtoto huyu mmeshamkabidhi kwa Kristo na hamwezi kumkabidhi mara mbili. Ukishasema hivyo, nyamaza. Usibishane na wifi zako. Wakikasirika, wapikie.

Na kliniki usikose hata tarehe moja. Chanjo zote apate, chandarua kisitoboke, na akichemka mwili mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kupambazuke. Wakisema imani hii ni ya wazungu, wasimulie habari za Adriano Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto kule Afrika Magharibi, mapadre wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kwenye ziwa letu hili hili, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mkono mmoja dawa, mkono mwingine katekisimu, wala hakuona kwamba kimoja kinamwibia mwenzake.

Sasa hivi ni giza, mitumbwi inaingia kila usiku na vichanja vyangu vimejaa dagaa. Mbalamwezi ikianza wavuvi watapumzika, nami nitapanda treni kuja Tabora. Nitaleta mawese na debe moja la dagaa wakavu kwa ajili ya mama mkwe wako. Nataka nikae naye jikoni, sisi wawili tu, nimsimulie habari za kaka yako. Nadhani atanielewa kuliko mtu yeyote katika nyumba hiyo.

Mbusu mjukuu wangu kwenye paji la uso, umfanyie ishara ya msalaba kwa niaba yangu.

Mama yako